Gari la spoti bovu linalouzwa "kama lilivyo": thamani yake inapatikanaje?

Muuzaji akisema gari linauzwa "kama lilivyo", maana yake ubovu wote, ulioonekana na uliojificha, ni wako ukishalipa. Thamani ya gari la namna hiyo ni bei ambayo lingeuzwa likiwa zima, ukatoa gharama ya kulitengeneza, kisha ukatoa tena fungu la mabaya ambayo fundi hajayaona. Wengi hupiga hesabu ya matengenezo tu, wakasahau hizo mbili nyingine.

Likiwa zima lingeuzwa wapi? Toyota Altezza safi yenye gia za mkono haikosi mtu Dar es Salaam. Hapa Mtwara wateja wake ni wachache. Mwenye hela ya korosho anataka gari la kupanda nalo Newala likiwa na magunia nyuma, si gari linalokwaruza tumbo kwenye kila tuta. Kwa hiyo anza na bei ambayo mtu wa hapa angetoa, au ya Dar ukishatoa mafuta na usumbufu wa kilomita zipatazo 560. Bei aliyoiandika dalali wa Kinondoni kwenye simu yake haikuhusu. Na ukiweza, usinunue wakati minada ya korosho imechangamka. Wakati huo kila muuzaji shingo ngumu.

Hata Altezza zenyewe si moja. RS200 ina injini ya 3S-GE ya silinda nne, AS200 ina 1G-FE ya silinda sita. Bodi ileile, zote lita mbili, lakini yenye nguvu zaidi ni hiyo ya silinda nne. Fungua boneti kwanza, bei utaisikiliza baadaye.

Kwenye gharama, fundi atakutajia spea na ufundi. Wewe ongeza nauli ya mzigo kutoka Kariakoo, na uwezekano wa spea kufika haioani ikarudishwa. Za Corolla utazikuta dukani. Za gari la spoti mara nyingi ni za kuagiza. Tuseme likiwa zima lingeuzwa milioni 9, matengenezo milioni 3.5, fungu la tahadhari milioni 1.5. Limebaki gari la milioni 4. Mwenyewe anadai 6 kwa sababu ameweka spoti rimu na ekzosi ya ngurumo? Hizo alijistarehesha mwenyewe.

Fungu la tahadhari ndilo lenye ubishi. Bushi na shokapu zilizokufa zinaonekana, hazihitaji tahadhari kubwa. Injini isiyowaka ni habari nyingine. Ukiambiwa "ni betri tu", sawa, betri ifungwe liwake mbele yako. Likikataa, ihesabu injini kuwa imekufa.

Mazda RX-8 ndiyo huwaumiza watu, maana bei yake inavutia mno. Injini yake haina pistoni, ina rota mbili zinazozunguka, na kila rota ina nyuso tatu. Kipimo cha kawaida cha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya injini, huonyesha ule uso wenye nguvu zaidi tu, kwa hiyo fundi anaweza kukupa jibu zuri kwa injini iliyochoka. Iwashe ikiwa ya moto: ikisumbua kuwaka, sili za rota zina mashaka. Kuchoma oili kidogo isikutishe, imeundwa hivyo. Kama fundi hana kipimo chake maalumu, fungu la tahadhari liwe bei ya injini nzima.

Gari lililolala Shangani au Mikindani, huku pwani ya Mtwara, miaka kadhaa limekula upepo wa chumvi. Lala chini na tochi, gonga sakafu na pale shokapu zinaposhikia. Rangi mpya juu ya kutu haiongezi kitu. Mimi hunipa wasiwasi zaidi.

Kisha kadi ya gari. Namba ya injini isiyolingana na kadi ni safari ya TRA, mamlaka ya mapato, nayo ina gharama yake, achilia mbali faini za barabarani zilizosahaulika.

Mwisho kuna bei ya vipande: injini, gia boksi, viti, rimu, taa, kila kimoja kwa mteja wake. Hesabu yako ikitoka chini ya hapo, gari hilo halifai kufufuliwa. Linunue kwa bei ya vipande ukiwa na muda wa kuviuza, la sivyo mwachie mwenye gereji.