Kujisafisha kwa mafuta badala ya sabuni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kipupwe kikishaingia huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Juni hadi Agosti, ngozi ndiyo ya kwanza kulalamika. Makete na Njombe kuna asubuhi ambazo umande unaganda juu ya majani. Mbeya na Iringa hewa inakauka, na watu wanatembea na magaga miguuni, midomo imechanika, mikono imepauka. Hapo ndipo ushauri unapozagaa: achana na sabuni, tumia mafuta ya asili, yanasafisha na kulainisha kwa mara moja. Alizeti ipo, parachichi lipo, mawese ya Kyela yapo. Sabuni ya nini tena?

Ushauri huo una ukweli ndani yake, na ndiyo maana unapotosha watu kirahisi. Mafuta yanasafisha kweli. Ila hayaondoi kila aina ya uchafu, na hayaondoi chochote kama hakuna kitu cha kuyatoa mwilini yakiwa yameubeba uchafu wenyewe. Hilo la pili husahauliwa karibu kila mahali.

"Mafuta hayasafishi, yanaongeza uchafu tu"

Wanaosema hivi waende kwenye gereji yoyote ya malori kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, wamwangalie fundi anayetoka chini ya gari. Grisi imeingia kwenye mistari ya viganja na pembeni mwa kucha. Akichukua sabuni ya mche na maji ya baridi, povu linateleza juu ya ule weusi na kuuacha pale pale. Mafundi wengi humalizia kwa dizeli au petroli, ambayo inatoa grisi lakini inaikausha ngozi mpaka inapasuka.

Sasa ajaribu hivi: mikono ikiwa mikavu kabisa, amimine kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti kiganjani, asugue taratibu kwa dakika moja au mbili, hasa kwenye vifundo na kucha. Grisi inalegea, inageuka uji mweusi. Aufute kwa tambara mpaka tambara lisitoke tena na weusi mwingi, kisha ndipo achukue sabuni na maji ya vuguvugu. Mikono inatoka safi na haiwaki.

Sababu yake ni nyepesi: mafuta huyeyusha mafuta, na maji hayawezi. Utomvu wa fenesi, wanja, rangi ya mdomo, masizi ya jikoni yaliyochanganyika na mvuke wa kukaangia, vyote vinalainika kwa mafuta kuliko kwa maji. Lakini angalia kilichoondoa uchafu kwa huyo fundi. Mafuta yaliulegeza, tambara likaubeba, sabuni ikamalizia. Angeishia kwenye kupaka, angekuwa ameieneza grisi mpaka kwenye viwiko.

Watu hupenda kutaja Wagiriki na Warumi wa kale kwamba walijisafisha kwa mafuta ya mzaituni bila sabuni. Ni kweli, ila walikuwa na kikwaruzo cha chuma kilichopinda, nacho walikikokota mwilini kutoa mafuta, jasho na vumbi kwa pamoja, kisha wakaingia kwenye maji. Anayejipaka na kuvaa nguo hajafanya walichofanya wao.

"Sabuni ni kemikali, mafuta ni asilia"

Sabuni ni mafuta. Kina mama wa vikundi wanaotengeneza sabuni za vipande wanalijua hili kuliko mtu yeyote: unachukua mawese au mafuta ya nazi, unayachanganya na maji yenye kostiki soda kwa vipimo, yanagandamana na kugeuka kitu kingine. Vipimo vikiwa sahihi, kostiki yote inatumika na haibaki kuunguza mtu. Kinachozaliwa kina upande mmoja unaoshika mafuta na upande mwingine unaoshika maji, ndiyo maana ukisuuza, uchafu wa mafuta unafuatana na maji. Mafuta matupu hayana huo upande wa pili.

Lawama moja dhidi ya sabuni ni ya haki. Ngozi ya binadamu ina asidi kidogo: pH yake, yaani kipimo ambacho namba ikipanda asidi inapungua, ni kama 5. Sabuni ya kawaida iko kwenye 9 hadi 10. Ukijisugua mwili mzima kila siku kwa sabuni kali na maji ya moto, halafu ukatoka kwenye baridi ya Julai, unaondoa mafuta ambayo ngozi imejitengenezea na kuivuruga ile asidi. Muwasho na mipasuko vinafuata. Lakini tiba yake si kuitupa sabuni. Tumia kidogo, kwapani, sehemu za siri kwa nje, nyayoni na kwenye uchafu unaoonekana. Mikono ya juu, mgongo na miguu mikavu mara nyingi hutosheka na maji ya vuguvugu. Kisha jipake mafuta ndani ya dakika chache tu baada ya kujifuta, ngozi ikiwa bado na unyevu, kwa sababu mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi, yanayazuia yaliyopo yasitoroke. Kwa magaga, mafuta ya mgando na soksi usiku hufanya kazi nzuri kuliko vitu vingi vya bei kubwa.

"Mafuta yanaua vijidudu, hata mikono inatosha kunawa nayo"

Hapana kabisa, na hapa sina lugha ya kubembeleza. Mikono iliyotoka chooni, iliyomwosha mtoto aliyejisaidia, inayokwenda kumega ugali, inanawiwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa sekunde 20 au zaidi. Sabuni hung'oa vijidudu pamoja na uchafu uliovishikilia, na virusi kama vya korona huvipasua kabisa kwa sababu gamba lao la nje limejengwa kwa mafuta. Mkono wenye mafuta hushika vumbi na kila kilicho ndani yake. Mahali penye kipindupindu na homa ya matumbo, kubadilisha sabuni kwa mafuta ni kucheza na maisha ya watoto.

Na kwa kuwa tumetaja sehemu za siri: mafuta yasiingizwe ukeni kwa kisingizio cha kusafisha. Uke unajisafisha wenyewe, na mafuta yamehusishwa na fangasi. Tena mafuta ya aina yoyote, ya kula au ya mgando, huidhoofisha mipira ya kondomu ya kawaida mpaka ikapasuka. Njombe, Iringa na Mbeya ni mikoa yenye viwango vya juu vya maambukizi ya VVU nchini, kwa hiyo hili lisipite kimyakimya.

"Yanatoa sumu na kufungua vinyweleo"

Matundu ya ngozi hayana mlango wa kufunguka na kufungwa. Vile vichembe vyeusi vinavyojiviringisha ukiukanda uso kwa mafuta ni ngozi iliyokufa, vumbi na mafuta ya uso wenyewe. Sumu za mwilini hushughulikiwa na ini na figo.

Hata hivyo, kusafisha uso kwa mafuta ni njia nzuri kwa wenye ngozi kavu na wanaopaka vipodozi, wakiifanya ipasavyo. Uso uwe mkavu. Kijiko cha chai cha mafuta kinatosha. Paka kwa ncha za vidole kama dakika moja, bila kukandamiza. Loweka kitambaa laini cha pamba kwenye maji ya vuguvugu, kikamue, kiweke usoni kidogo, halafu futa kuelekea nje. Kisuuze, rudia. Kitambaa kitakuambia chenyewe: mara ya kwanza kinatoka na rangi ya udongo, ya tatu karibu cheupe. Ukiona uso bado unateleza, malizia na sabuni laini isiyo na manukato. Kitambaa hicho kifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani kila mara, maana kikiachwa bafuni na mafuta yake kinakuwa makazi ya vijidudu unavyorudisha usoni kesho yake.

Mwenye chunusi awe mwangalifu, hasa na mafuta ya nazi, ambayo kwa watu wengi huziba matundu.

"Mafuta yote ya asili ni sawa, na ya mzaituni ndiyo bora"

Hili ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu watu wanatumia hela nyingi kununua chupa ndogo ya mafuta ya mzaituni iliyotoka mbali, wakiwa wamezungukwa na mashamba ya alizeti. Mwaka 2013 watafiti wa Sheffield, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio dogo la watu wazima 19. Walipakwa matone ya mafuta mikononi mara mbili kwa siku kwa wiki kadhaa. Mafuta ya mzaituni yalidhoofisha ukuta wa juu wa ngozi na kuleta wekundu kidogo, hata kwa wasio na ugonjwa wa ngozi. Ya alizeti hayakuuharibu ukuta huo, na yaliisaidia ngozi kushika unyevu zaidi. Ni watu wachache, lakini linaendana na kinachojulikana kuhusu asidi zilizomo: alizeti ya kawaida ina linoleiki nyingi, ambayo ngozi huitumia kujenga ukuta wake. Mzaituni una oleiki nyingi, ambayo huulegeza.

Parachichi nalo, tunalojivunia Njombe na Rungwe, zaidi ya nusu ya mafuta yake ni oleiki. Kwa kufuta vipodozi na kuyaondoa, hakuna tatizo. Kwa kuyaacha usiku kucha kwenye ngozi ya mtoto mwenye pumu ya ngozi, ningechagua alizeti.

Kuhusu watoto, kuna utafiti mwingine wa mwaka 2005 kutoka hospitali moja ya Dhaka, Bangladesh, uliofuatilia watoto njiti 497. Waliokandwa kwa mafuta ya mbegu za alizeti walipata maambukizi ya hospitalini pungufu kwa asilimia 41 kuliko wasiopakwa kitu. Mama asisikie hivi akakimbilia kidumu cha barabarani kumpaka njiti. Yale yalikuwa mafuta maalumu chini ya macho ya madaktari. Kwa mtoto mchanga wa kawaida, Shirika la Afya Duniani linashauri asiogeshwe hadi yapite saa 24, na kitovu kiachwe kikavu, bila mafuta ya aina yoyote.

Ukinunua alizeti ghafi inayouzwa kwenye chupa za maji kandokando ya barabara Iringa, inuse kwanza. Harufu ya karanga mbichi ni sawa. Harufu kali ya rangi ya kuta au nta ya zamani maana yake yamechacha, kwa kuwa yamekaa juani kwenye chupa angavu, na yatakuwasha. Nunua kidogo, acha mashapo yatulie, weka gizani. Mawese yanalainisha vizuri lakini yatakutia manjano nguo na mashuka.

"Nywele zetu hazihitaji kuoshwa, mafuta yanatosha"

Nywele za kipilipili zinakauka haraka kwa sababu mafuta ya kichwani hayashuki kirahisi kwenye mizunguko yake. Hivyo kuziosha kila siku ni kuzionea, na madaktari wa ngozi wa Marekani huwashauri watu wenye nywele kama zetu kuosha mara moja kwa wiki au kila wiki mbili. Kutoosha kabisa ni jambo lingine. Jasho lina chumvi, vumbi la kiangazi linanata, na kila tabaka jipya la mafuta linafunika la jana. Fangasi wanaosababisha mba wanaishi kwa kula mafuta, kwa hiyo anayepaka mafuta mazito kila siku ili mba ipone anawaandalia chakula. Na chunusi za paji la uso kwa wapaka mafuta mengi kichwani zimeandikwa na madaktari tangu mwaka 1970.

Mafuta yana nafasi yake kabla ya kuosha. Utafiti wa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, na ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini kwenye nywele, kwa sababu chembe zake ni ndogo za kupenya ndani ya unywele. Kwa hiyo dada anayefumua rasta Jumamosi apake nazi, akae nayo, kisha aoshe ngozi ya kichwa kwa shampuu laini, si nywele zote mpaka ncha. Ya nyonyo hayajathibitika kuotesha nywele. Yanapunguza kukatika, na nywele zisizokatika zinaonekana zimekua.

"Ukijipaka mafuta jua halikudhuru"

Kila ukipanda mita 1,000, mionzi ya jua inayounguza huongezeka kwa takriban asilimia 10, na Njombe iko karibu mita 2,000. Ubaridi unawadanganya watu. Hakuna mafuta ya kula yanayozuia jua vya kutosha, na mwenye ualbino hapaswi kuyategemea hata kidogo. Kuna losheni ya kukinga jua inayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili yao, pamoja na kofia pana na mikono mirefu.

Baada ya kupulizia dawa shambani

Nimeliacha hili mwishoni kwa sababu halisemwi, linatendwa tu. Mkulima wa viazi Uporoto au wa nyanya Ilula anarudi nyumbani baada ya kupulizia, mikono inawasha, anajipaka mafuta ili kutuliza. Asifanye hivyo. Viuatilifu vingi vimetengenezwa kuyeyuka kwenye mafuta, na ngozi iliyopakwa mafuta juu ya dawa inaweza kuipokea zaidi ndani ya mwili. Avue nguo nje, asizichanganye na za familia kwenye beseni moja, aoge mara moja kwa sabuni na maji mengi, akianza na mikono na kichwa, kucha zisisahaulike. Mafuta yaje baadaye, ngozi ikishakuwa safi. Akiona kizunguzungu, kutapika au macho kufifia, aende kituo cha afya akiwa na chupa ya ile dawa mkononi, ili mhudumu asome lebo.