Kwa nini duara dogo la marafiki husaidiana zaidi

Nafundisha saikolojia ya jamii hapa Iringa, na wanafunzi hawachoki kuniuliza: mtu anayeacha viazi vyake vikingoja palizi akaenda kumpalilia rafiki, anapata nini? Mwaka 1971 Robert Trivers, mwanabiolojia wa Marekani, alijibu kwamba wema kwa asiye ndugu hudumu pale wawili wanapokutana tena na tena, na kila mmoja akikumbuka alivyotendewa. Kwa watu wawili jibu hilo linatosha. Kwa mtaa mzima, hapana.

Mimi huwapeleka kwa Wahadzabe, wawindaji na waokota matunda wa Ziwa Eyasi. Utafiti ulioongozwa na Coren Apicella, uliochapishwa 2012, uliwahusisha watu 205 wa kambi 17. Kila mmoja, akiwa peke yake, alipewa asali aamue: abaki nayo, au aitie kwenye fungu la kambi ambalo lingeongezwa na kugawiwa wote sawa. Watoaji walikuwa marafiki wa watoaji, na wabanaji vivyo hivyo. Kambi zilitofautiana sana, lakini watu wa kambi moja walikaribiana.

Wanahisabati walishaonyesha 2006 jambo linaloshabihiana na hilo: ukarimu huweza kushika mizizi kwenye mtandao wa watu iwapo faida ya msaada, ikigawanywa kwa gharama yake, inazidi wastani wa watu ambao kila mmoja ameungana nao. Maana yake ni kwamba kadiri unavyofungamana na wachache, ndivyo wema unavyopata nafasi ya kuishi.

Hili naliona kila siku. Kwenye kikoba cha kina mama ishirini hivi, mmoja akilazwa, katibu anafungua daftari, anatoa fedha ya mfuko wa jamii, na kabla ya jua kuzama wawili wako wodini na chupa ya uji, mwingine kabaki nyumbani kwa mgonjwa anapikia watoto. Hakuna aliyeitisha kikao. Sasa peleka taarifa hiyohiyo kwenye kundi la WhatsApp la watu mia mbili waliosoma pamoja: zitamiminika "pole sana", na michango itatoka kwa walewale watano. Siwaiti wengine wachoyo. Kila mmoja anaamini yupo aliye karibu zaidi na mgonjwa.

Wazee wa Rungwe walilijua hili zamani. Monica na Godfrey Wilson, wanaanthropolojia waliokaa na Wanyakyusa wa huko miaka ya 1930, walieleza jinsi wavulana wa rika moja walivyotoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao, wakawa wanakwenda kula pamoja kwa mama wa huyu, kisha wa yule. Urafiki uliolelewa kwenye sahani moja tangu utoto ulibeba kazi na misiba ya ukubwani.

Kwa hiyo viongozi wa makundi makubwa ya michango wakiniomba ushauri, nawaambia waligawe kwa mitaa, watu kumi na tano kumi na tano, na kila kijikundi kiwe cha kwanza kufika kwa mtu wake.