Type-C sio fasti chaji, jamani

Mtu anaingia dukani Kariakoo, anaulizwa unataka chaja gani, anajibu "nipe fasti, ile ya Type-C". Muuzaji naye bila wasiwasi anamtolea kichwa cha wati 10 na waya wenye ncha ya Type-C, hela inatoka, jioni simu inakaa kwenye umeme masaa matatu na lawama zote zinaenda kwa simu. Nimeshalisikia hilo jibu mara nyingi mno, ngoja leo tuliweke sawa.

Fasti chaji ni pale simu inapopokea wati nyingi kuliko zile 5 hadi 10 za chaja za kizamani. Wati unazipata kwa kuzidisha volti na ampea, basi, hamna cha zaidi hapo.

Type-C ni umbo la tundu. Umbo tu! Lile la mviringo usiohangaika kugeuza, limetoka mwaka 2014, na kazi yake ni kuamua ncha gani inaingia wapi, halina ahadi yoyote ya spidi. Simu kibao za bei ya chini zina Type-C na zinachaji wati 10, yaani 5V mara 2A, sawa kabisa na simu za tundu la zamani. Na kinyume chake kipo pia, OPPO Find 7 ya 2014 ilikuwa na VOOC (mfumo wa fasti chaji wa OPPO wenyewe), inachaji haraka kuliko simu nyingi za wakati ule, na tundu lake halikuwa Type-C. iPhone 8 ya 2017 ikaja na fasti chaji na bado ina tundu la Lightning, Apple wameendelea hivyohivyo mpaka iPhone 15 mwaka 2023 ndo wakahamia Type-C. Sasa kama Type-C ndo fasti, hizo zote zilikuwa zinafanya nini?

Kinacholeta haraka ni makubaliano kati ya kichwa, waya na simu. Ukichomeka, kichwa kinaanza na 5V kwa usalama, halafu kama kinajua PD (Power Delivery, huo ndo mfumo unaotumika na kampuni nyingi) kinataja kilichonacho: nina 9V, nina 15V, nina 20V, na ampea zake. Simu inachagua. Ni kama mama ntilie anavyokutajia wali maharage, ugali dagaa, ndizi nyama, anayeagiza ni wewe, na hata akiwa na masufuria kumi hakulishi kwa nguvu. Kwa hiyo wale wanaoogopa kichwa cha wati 65 kitaunguza simu ya wati 18, hapana, simu itachukua 18 zake na kukaa kimya, ilimradi kichwa kiwe kimetengenezwa vizuri.

Shida inakuja pale lugha zinapogongana. Samsung nyingi za wati 25 haziridhiki na PD ya kawaida, zinataka PD yenye PPS, ambayo inaruhusu simu kuomba volti kidogokidogo kadiri betri inavyojaa, ukikosa PPS inarudi kwenye wati 15 hivi na yale maandishi ya "super fast" huyaoni kwenye kioo. OPPO na realme wana VOOC yao, wanapandisha ampea badala ya volti, na kuipata kamili unahitaji kichwa chao na waya wao, ukiweka kichwa kizuri cha PD inachaji ndiyo ila spidi inashuka sana. Ndo maana unaweza ukanunua kichwa cha bei mbaya kabisa, cha wati 65, orijino kweli, na simu ikawa inatembea kwa wati 10. Hapo huna chaja feki wala simu mbovu, hawajaelewana tu.

Waya nao watu wanausahau. PD inataka Type-C pande zote mbili (au C kwa Lightning kwa zile iPhone za kabla ya 15), ule wenye ncha pana ya zamani (USB-A) upande wa kichwa hauwezi kuibeba. Waya wa kawaida wa C kwa C unaishia 3A, yaani wati 60, ukitaka kuchaji laptopu ya wati 100 lazima uwe wa 5A wenye chipu ndani inayojitambulisha kwa kichwa. Na kuna vispika vya bluetooth na tochi zina tundu la Type-C lakini ukichomeka C kwa C haziingizi chaji kabisa, ukirudisha waya ule wa ncha pana zinaingiza, ni kwa sababu mtengenezaji kabana matumizi na kuacha vile vijirezista vinavyokiambia kichwa kwamba kuna kifaa. Type-C hiyohiyo!

GaN nayo imeanza kuuzwa kama jina la spidi, sio. Ni galiamu naitraidi, material ya kutengenezea chipu badala ya silikoni, ndiyo iliyoleta taa za LED za bluu ambazo ziliwapa akina Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobeli ya fizikia 2014. Kwenye chaja inawasha na kuzima umeme haraka zaidi na inapoteza joto kidogo, kwa hiyo transfoma ya ndani inakuwa ndogo na kichwa kizima kinaenea kiganjani. Hapo ndo unapopata vile vidogo vizuri vya kukunja pini, wati 65 kwa saizi ambayo zamani ilikuwa ya wati 20. Navipenda sana, ila angalia pini, vingi ni vya miguu miwili ya Marekani au Ulaya na soketi zetu ni za miguu mitatu, halafu unamkuta mtu anafungua tundu la ethi kwa kifuniko cha peni ili miguu miwili iingie, jamani, lile tundu limefungwa kwa sababu. Tafuta toleo la pini tatu au adapta inayobana, ikilegea inapata moto.

Kichwa cha matundu mawili kikiandikwa wati 65 hiyo ni jumla. Ukichomeka laptopu na simu pamoja zinagawana, mara nyingi 45 kwa 20.

Kwa hiyo ukifika dukani geuza kichwa usome yale maandishi madogo yasiyosomeka bila tochi, tafuta neno Output. Ukikuta 5V 2A peke yake ujue ni wati 10, hata kama boksi limeandikwa fasti kwa herufi za dhahabu. Ukikuta 9V na PD hapo tunaongea, na kama simu ni Samsung tafuta pia PPS. Na muuzaji usimgombeze, ukimwambia "nipe Type-C" akakupa Type-C hajakuibia, mwambie "nataka PD ya wati 25 yenye PPS, na waya wa C kwa C", atakuelewa.