"Ni Uzee Tu": Tunayoyasema Kuhusu Wazee Wetu na Ukweli Wake

Vitini vingi vya afya ya wazee huanza na jedwali la vyakula. Kwa maoni yangu vingeanza na maneno yanayosemwa barazani kila siku, kwa sababu hayo ndiyo yanayomchelewesha mzee kufika hospitali. Umoja wa Mataifa umeitenga miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa Muongo wa Kuzeeka kwa Afya, na wataalamu wametoa miongozo mizuri tu. Lakini mwongozo usiojibu yale ambayo mkamwana ameshaambiwa na majirani hautamsaidia saa nane za usiku, akiwa peke yake na mkwewe mgonjwa.

"Anasahau kwa sababu amezeeka."

Kusahau ulipoweka miwani hutokea kwa kila mtu. Kupotea njia ya kutoka msikitini ambayo umeipita miaka arobaini, au kuuliza swali lile lile mara tano kabla ya chai, ni jambo jingine. Hiyo inaweza kuwa dimensia, hali inayoletwa na magonjwa ya ubongo. Alzheimer ndiyo inayoongoza, na nyingine hutokana na kiharusi na mishipa ya damu kuharibika. Uzee huongeza hatari, ila wazee wengi hufika miaka 80 bila kuipata.

Wapo wanaosema huo ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2013, uliwahusisha watu 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea, na ukakadiria kuwa asilimia 6.4 ya watu wa umri huo wana dimensia. Walikuwepo siku zote, ila hawakuwa wamepimwa. Na vipimo vyenyewe vilikuwa na kasoro: vingi vya Ulaya humtaka mtu aandike sentensi, achore, au afanye hesabu za kutoa. Bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu atafeli hata kama akili yake inakata kama wembe.

Ndipo wataalamu wa hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, wakishirikiana na wenzao wa Newcastle, Uingereza, wakatengeneza kipimo kinachoitwa IDEA. Mzee husomewa maneno 10 na baadaye huulizwa anayoyakumbuka. Hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Kisha hupewa njiti za kiberiti azipange kwa kufuata mfano. Hahitaji kujua kusoma wala kuandika. Huko huko Hai walijaribu pia tiba ya vikao 14 vya kuchangamsha akili kwa vikundi, iliyoanzia Uingereza, wakaibadilisha iendane na maisha ya hapo, na washiriki walipata nafuu katika kufikiri. Dimensia haina dawa ya kuiponya, lakini si kweli kwamba hakuna la kufanya.

"Bibi amekuwa mchawi."

Anatembea usiku, anaongea peke yake, anawashuku wanawe kumwibia. Hizo ni dalili za ugonjwa. Kule Usukumani, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, na macho hayo yaliharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Kitini chochote cha dimensia kinachoandikwa kwa ajili ya kanda hiyo bila kuligusa suala hili, kwangu hakijakamilika.

"Amechanganyikiwa tangu jana, basi ndiyo dimensia imeanza."

Hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu kosa hili huua. Dimensia huja taratibu, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa mzima juzi na leo hamjui mwanawe ana dharura. Inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, malaria, nimonia, upungufu wa maji mwilini, sukari iliyoshuka, au dawa mpya aliyoanzishwa wiki hii. Usisubiri joto lipande, maana mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa. Wala usisubiri afanye vurugu. Wengine hunyamaza tu, wanasinzia mchana kutwa, na nyumba nzima inasema "leo mzee katulia." Apelekwe siku hiyo hiyo, na dawa zake zote zibebwe pamoja naye, zikiwemo za miti shamba.

"Amefanya kazi vya kutosha, aache kujishughulisha."

Maneno ya upendo haya, lakini misuli isiyotumika hupungua, miguu ikaishiwa nguvu, mtu akaanguka. Mwaka 1990, watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya kikundi kidogo cha wazee wenye miaka 86 hadi 96 waliofanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Nguvu za misuli ya mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174.

Ukitaka kujua hali ya mzee wako, upo upimaji rahisi katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019. Aketi kwenye kiti imara, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara 5 mfululizo bila kujishika. Akizidi sekunde 14, anahitaji kuonwa na mtaalamu. Simama karibu naye wakati anajaribu. Mwongozo huo huo unauliza kama amepungua zaidi ya kilo 3 kwa miezi mitatu bila kukusudia, swali ambalo linatosha kuwajibu wanaosema "wazee huwa hawapendi kula." Meno yaangaliwe, dawa ziangaliwe, na huzuni pia iulizwe.

"Tumpunguzie maji asijikojolee."

Hapana. Mkojo unakuwa mzito, unawasha kibofu na kuongeza hatari ya maambukizi, choo kinakuwa kigumu, na mwishowe anachanganyikiwa. Mpeleke msalani kwa saa maalumu, na mpe maji mengi zaidi mchana kuliko usiku, isipokuwa daktari ameelekeza vingine, kwa mfano kwa mwenye ugonjwa wa moyo.

"Kuuguza hakufundishwi."

Kunafundishwa, na chukua mfano wa vidonda vya kulalia. Aliyelala bila kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, na mifupa iliyojitokeza ikaguliwe kila siku: visigino, nyonga, chini ya mgongo. Vipeperushi vingi vilivyotafsiriwa vinasema "tafuta wekundu." Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huwa hauonekani. Tafuta sehemu iliyozidi weusi kuliko ngozi ya jirani yake, au yenye joto, au iliyokuwa ngumu ukiigusa. Usiisugue, na usimlaze upande huo. Tofauti ya kuandikiwa na mtu anayewajua wagonjwa wako inaonekana hapo.

WHO ina mafunzo kwa wanaowauguza watu wenye dimensia, yanaitwa iSupport: sehemu 5, masomo 23, na sehemu moja nzima inamhusu anayeuguza, siyo mgonjwa. Wengi huiruka, wakidhani ni mambo ya kujidekeza. Anayeuguza peke yake kwa muda mrefu yuko katika hatari ya sonona na ya kuumia mgongo. Akiishiwa subira, wa kwanza kuumia ni mzee mwenyewe.

Ndipo inapokuja dhana ya mwisho, kwamba kuomba kupokewa zamu ni kumtupa mzazi, na kwamba kazi hii ni ya binti ambaye hajaolewa. Kikao cha ukoo kikikaa, kisiishie kwenye michango. Kiulize nani analala na mzee Ijumaa na Jumamosi, nani anampeleka kliniki, nani anafua. Kaka aliye Muscat au Nairobi ambaye hawezi kuja alipe mtu wa kufua na kumgeuza mgonjwa usiku, na mtu huyo afundishwe kwanza kumgeuza.