Kupakia ramani na njia za Usambara kwenye GPS ya baiskeli

Kutoka Mombo hadi Lushoto hupotei. Ni lami moja, kama kilomita 33 hivi, inayopanda kwa kona kupitia Soni, na kazi yako ni pumzi na miguu tu. Shida huanza ukishapita Magamba, pale barabara ya vumbi inapoanza kuzaa vijia: hiki cha wakata kuni, kile cha shambani, kingine kinateremka bondeni hadi mtoni na kuishia hapohapo. Mimi huongoza waendesha baiskeli huku milimani, na jioni ya kuamkia safari huwa mezani na kifaa cha GPS, kompyuta na kebo. Wengi wameniuliza nafanya nini hasa jioni hiyo.

Natumia Garmin eTrex, ile yenye nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Ukinunua iliyotumika, hakikisha nafasi hiyo ipo, maana eTrex 10 haina, na bila kadi hutapakia ramani ya maana. Simu naibeba pia, lakini naiweka kwenye begi, imezimwa. Kifaa hiki kinakula betri mbili za AA ambazo utazipata hata kwenye duka la kijijini, na vitufe vyake vinabonyezeka hata vidole vikiwa vimelowa mvua.

Ramani inayokuja na kifaa haitoshi. Inaonyesha barabara kuu na miji, basi. Ninayopakia inatokana na OpenStreetMap, ile ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004. Tovuti ya BBBike inakuruhusu kuchora kisanduku juu ya eneo unalotaka, ukachagua muundo wa Garmin, kisha wakakutumia kiungo kwa barua pepe faili likiwa tayari. OpenTopoMap nao wana mafaili ya nchi nzima, pamoja na mistari ya mwinuko. Milimani mistari hiyo ni muhimu kuliko majina ya vijiji. Ukiiona imebanana mbele yako, unajua kuna kusukuma baiskeli.

Faili la ramani kwa kawaida huitwa gmapsupp.img. Kwenye kadi tengeneza folda iitwayo Garmin, uliweke humo. Nasisitiza kwenye kadi, si kwenye kumbukumbu ya ndani ya kifaa. Faili la ramani likiharibika wakati wa kunakili, kifaa kinaweza kugoma kuwaka. Kama liko kwenye kadi, unatoa betri, unachomoa kadi iliyo chini yake, na kifaa kinaamka. Likiwa ndani, una kazi ngumu zaidi. Na usichomoe kebo kabla kompyuta haijakuruhusu. Mafaili mengi huharibikia hapo.

Ukiwasha, ingia kwenye mipangilio ya ramani uizime ile ya kiwandani, la sivyo inaweza kuifunika mpya na utadhani kazi haikufanikiwa. Halafu zima kile kipengele kinachovuta alama yako ikae barabarani. Kinafaa kwa gari. Kwenye kijia cha msituni kinakudanganya, kinakuonyesha uko njiani wakati umeshaiacha kwa mita thelathini.

Sasa njia yenyewe, na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Faili la GPX, yaani faili la kuhifadhia njia za GPS, linaweza kubeba ruti au linaweza kubeba treki, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Ruti ni kumwambia mgeni: nenda Magamba, kisha Lukozi, kisha Rangwi, kisha Mtae. Katikati ya vituo hivyo anajipangia mwenyewe. Treki ni uzi uliotandazwa chini toka mwanzo hadi mwisho, anaufuata tu.

Ukipakia ruti, kifaa kinaikokotoa upya kwa kutumia ramani iliyomo ndani yake. Ramani ikiwa na kasoro, mahesabu yanakuwa na kasoro. Kasoro ya kawaida huku kwetu ni njia mbili zinazokatana machoni lakini aliyezichora hakuziunganisha kwa nukta moja. Wewe unaona njia panda. Kifaa kinaona njia mbili zisizokutana, kinakuzungusha mlima mzima. Kuna kosa jingine pia: vijia vingi vilichorwa kwa kuangalia picha za setilaiti, na chini ya miti ya Msitu wa Magamba setilaiti haioni kitu, kwa hiyo vingine vimekatika katikati.

Niliwahi kupakia ruti kwa haraka, nikaongoza watu wanne kwenye bonde ambalo hatukuwa na shughuli nalo. Kosa lilikuwa langu. Tulimkuta mzee mmoja akipalilia viazi.

"Shikamoo mzee. Njia hii inatutoa Rangwi?"

"Marahaba mwanangu. Inatoa, ila daraja la miti lilichukuliwa na maji. Rudini juu."

Tulirudi juu, saa nzima ya kusukuma baiskeli. Tangu siku ile napakia treki pekee, na nikipata iliyorekodiwa na mtu aliyepita kweli, naichagua mbele ya iliyochorwa mezani.

Treki inawekwa kwenye folda ya GPX iliyo ndani ya folda ya Garmin. Kabla ya hapo hesabu nukta zinazounda uzi wake: eTrex 20 na 30 zinabeba hadi 10,000 kwa treki moja, na vifaa vya zamani zaidi vinabeba chache mno, vingine vinakata mkia wa safari bila kukuambia. Nukta moja kila mita kumi au ishirini inatosha kwa kijia chenye kona. Kisha ipe rangi isiyofanana na barabara yoyote. Mimi hutumia zambarau iliyokolea, inayoonekana hata jua likiwa utosini. Mwisho naitembeza treki yote kwenye skrini, toka Lushoto hadi Mtae, nikiangalia kama kuna mahali ramani imekatika kuwa tupu. Mara mbili kazi hiyo imenionyesha kuwa kisanduku nilichochora kwenye tovuti kilikuwa kidogo.

Nikirudi, napakua treki niliyorekodi, naitumia kurekebisha OpenStreetMap: naunganisha njia panda, naendeleza kijia kilichokatika. Kwenye tovuti mabadiliko huonekana baada ya muda mfupi, lakini ramani ya kwenye kifaa haijibadilishi, lazima upakue nyingine. Lile daraja la Rangwi nimeliondoa. Masika yakiisha nitapita tena kuona kama wamelijenga.