Usukani unaocheza ukishapita Ihumwa: habari ya balansi ya tairi

Ndani ya Dodoma mjini gari linaweza kutembea miezi bila kukuonyesha kitu. Shika barabara ya Morogoro, pita Ihumwa, mshale ufike 80, usukani unaanza kucheza mikononi. Ukifika 110, mara nyingine unatulia. Wengi hapo husema alaimenti, yaani mpangilio wa mwelekeo wa tairi, imekufa. Alaimenti ikiharibika, gari huvuta upande mmoja au tairi huliwa ukingoni. Mtetemo unaokuja kwenye spidi fulani na kuondoka, kwanza shuku balansi, yaani usawa wa uzito kuzunguka tairi na rimu.

Hakuna tairi wala rimu yenye uzito sawasawa kuizunguka yote. Chukua tairi la gari dogo, saizi 195/65R15, lililozidi gramu 30 upande mmoja wa ukingo wa rimu. Gari likiwa kwenye 100, tairi linazunguka kama mara 14 kwa sekunde, na zile gramu 30 zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 4 na nusu, kila mzunguko. Kwenye 50 nguvu hiyo ni robo tu, kilo moja na kidogo, kwa sababu spidi ikiongezeka mara mbili, mvuto unaongezeka mara nne. Ndiyo maana mjini husikii. Wanaoumia ni bea, boljointi na shokomzoba, na kashata, yale meno ya tairi yanayogusa barabara, zinaliwa mabakamabaka.

Usukani ukitetemeka, anza na tairi za mbele. Kiti na sakafu vikitetemeka, tazama za nyuma. Usukani ukitetemeka pale tu unapokanyaga breki, acha tairi, kapime disku za breki.

Kwa Dodoma, kabla ya kulipia chochote, osha rimu upande wa ndani. Ukitoka shamba wakati wa mvua, tope la mbuga hunata humo na kukauka kama tofali. Limeshaharibu balansi ambayo jana ilikuwa nzuri. Fundi akipima na tope hilo, atagongelea risasi, yaani vile vipande vya uzito vya kwenye rimu, za kulisawazisha, nalo likidondoka njiani Kibaigwa risasi zimebaki. Dawa ya maji ya kuziba miiba nayo ni hivyohivyo: gari likilala, inajikusanya chini ya tairi.

Kwenye mashine ya balansi, fundi atoe risasi zote za zamani na mawe kwenye kashata. Tairi likiwa jipya na lina doa la njano, doa likae kwenye valvu, maana kwenye doa ndipo tairi lilipo jepesi, na valvu ina uzito wake. Kisha mashine ipewe namba tatu: umbali wa rimu kutoka kwenye mashine, upana wake na kipenyo chake. Namba ikikosewa, risasi zitakosewa pia. Risasi huwekwa pande zote mbili, ndani na nje. Upande mmoja tu unaweza kuondoa kuruka juu na chini, lakini tairi likabaki linayumba kushoto na kulia. Baada ya kuweka, lizungushwe tena hadi isome 0 na 0.

Sifuri hiyo mimi siiamini mara moja. Mwambie fundi alegeze, ageuze tairi nusu mzunguko kwenye mhimili, akaze, apime tena. Ikisoma gramu 15 au 20, koni inayoshika rimu kwenye mashine haikukaa katikati, na kazi yote ni bure. Kama mashine inadai zaidi ya gramu 100 kwa tairi la gari dogo, usikubali mlolongo wa risasi. Tairi litolewe upepo, lizungushwe nusu juu ya rimu, lipimwe upya. Ikigoma, huenda rimu imepinda au tairi limevimba, na risasi haziponyi hayo.

Balansi hurudiwa kila tairi linapovuliwa kwenye rimu, hata kwa kiraka kimoja.

Wakati wa kurudisha, nati zianze kwa mkono, zikazwe kwa kuvukana, moja kisha ya upande wa pili, gari likiwa bado kwenye jeki. Fundi akianza na mashine ya upepo ya kukazia nati, rimu inaweza kukaa upande, na usukani utacheza tena palepale Ihumwa.