Oti si ngano, sawa. Lakini pakiti uliyoshika je?

Ujumbe umeingia tena: "Dada, mbona biskuti zako bei juu hivyo? Oti si haina gluteni? Nunua ya supamaketi tu." Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Jibu ni hili.

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, na mwenye ugonjwa wa siliaki akiila, utumbo wake huumia. Oti ina protini yake tofauti, avenini, na wagonjwa wengi wa siliaki huivumilia. Utafiti wa Finland uliochapishwa 1995 ulionyesha hivyo kwa watu wazima. Kwa hiyo sigombani na oti, nagombana na majirani zake. Shamba lenye oti msimu huu huenda msimu uliopita lilikuwa la ngano. Mashine ya kuvuna ni ileile, lori lilelile, ghala na kinu vilevile. Na punje ya shayiri inakaribiana na ya oti kwa umbo kiasi kwamba hata mitambo ya kuchambua nafaka hupata taabu kuitoa.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo watu huanza kunicheka. Kiwango cha kimataifa cha chakula kuitwa kisicho na gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo. Bakuli lenye gramu 50 za oti, basi, mwisho wake ni miligramu 1. Punje ya ngano ina uzito wa miligramu 35 hivi, na kama sehemu moja ya kumi ya uzito huo ni gluteni. Miligramu tatu na nusu. Punje moja! Tena punje haijigawi sawasawa kwenye kila pakiti: hii safi, ile safi, inayofuata inamlaza mtu kitandani. Ndiyo maana "mwanangu alikula na hakudhurika" hainishawishi hata kidogo, achilia mbali kwamba utumbo unaweza kuumia bila mtu kuharisha wala kulalamika.

Na hapana, moto wa oveni hauunguzi gluteni. Tuendelee.

Hata pakiti iliyoandikwa haina gluteni hainipi usingizi mzito. Ipo oti iliyolindwa tangu mbegu mpaka kinuni, na ipo ya kawaida iliyochambuliwa kwa mashine baadaye. Lebo zinaweza kusema maneno yaleyale. Hii ya pili nina mashaka nayo. Kinachopimwa ni sampuli ndogo, na punje yetu ile inaweza kuwa imekaa upande wa pili wa gunia. Nikiipata ya kwanza ndiyo ninayonunua, na bei yake ndiyo hiyo unayoilalamikia. Wapo pia wachache ambao mwili huikataa avenini yenyewe. Australia na New Zealand hawaruhusu oti yoyote kuuzwa kama haina gluteni. Mteja mwenye siliaki akiniuliza kama nina uhakika, namwambia: nina uhakika na jiko langu, kuhusu utumbo wako muulize daktari kwanza.

Unga wa mchele sisagishi mashine ya mtaani. Aliyenitangulia kwenye foleni huenda alikuwa na unga wa lishe wenye ngano ndani. Chokoleti soma hadi maandishi madogo. Ukikuta kimea, ambacho mara nyingi ni cha shayiri, irudishe. Chekeche na mwiko wa mbao wa siku za maandazi visiingie humu.

Vipimo: siagi gramu 115, sukari ya kahawia 130, yai 1, oti 150, unga laini wa mchele 80, wanga wa muhogo 30, chokoleti iliyokatwakatwa 120, bekingi soda nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo, vanila. Piga siagi na sukari, tia yai na vanila, kisha vilivyobaki. Zantani, ule unga wa kugandisha unaoshika nafasi ya gluteni? Mkate unaihitaji. Kwenye biskuti, yai na wanga vinatosha, ingawa waokaji ninaowaheshimu hunibishia hilo.

Usichoruka ni kupumzisha mchanganyiko kwenye friji, nusu saa au zaidi. Oti na mchele hunywa maji polepole. Ukikimbilia oveni unapata biskuti zilizotandaa kama chapati na mchanga mdomoni. Nyuzi 175, dakika 11 au 12, kutegemea oveni yako inavyodanganya. Zitoe katikati kukiwa bado laini, uziache kwenye trei dakika kumi bila kuzigusa, kwa sababu zikiwa za moto zinavunjika vipandevipande.